Tone lililokataa kuzama

Chupa yenyewe ilikuwa ya mililita 10, kioo cha kahawia, na kibandiko chake kiliahidi mambo manne kwa mpigo: safi asilimia 100, ya asili, daraja la tiba, mafuta muhimu ya karafuu. Niliinunua Dar es Salaam, katika duka ambalo sitalitaja, kwa bei ambayo pia sitaitaja maana bado inaniuma. Nyumbani nikajaza maji bilauri na kudondosha tone moja. Likaelea. Nikaligusa kwa kijiti cha meno, kwa kuwa tone dogo hata la kitu kizito huweza kubebwa na utando wa juu wa maji. Likazama kidogo, likasita, likarudi juu. Nikaongeza matone matano. Yakaungana, yakatulia juu ya maji kama mafuta ya mchuzi wa kuku wa kienyeji.

Mafuta ya karafuu huzama. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1; lita moja ya mafuta ya karafuu hukaribia kilo 1 na gramu 50. Lita ya mafuta ya alizeti haifiki gramu 930. Piga hesabu utaona kwamba ili mchanganyiko wa hayo mawili uelee, zaidi ya theluthi ya chupa lazima iwe alizeti au ndugu yake. Usiku nikadondosha tone jingine kwenye karatasi nyeupe na kuiacha dirishani. Asubuhi harufu ilikuwa imepungua sana, lakini doa lilikuwa palepale, limeng'aa kiasi cha kupitisha mwanga, kama karatasi iliyofungiwa vitumbua. Daraja la tiba, kumbe, lilifaa zaidi jikoni.

Kabla ya kumlaumu muuzaji, tumalizane na mtafsiri. "Mafuta muhimu" ni jina lililozaliwa kwa kuhamisha neno bila kuliuliza limetoka wapi. Wazungu walilichukua kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kiini: mafuta yaliyobeba kiini cha mmea, yaani harufu yake. Umuhimu haukuwamo. Mswahili akisoma "muhimu" anaelewa kuwa asipoyapata kuna kitu mwilini mwake kitapungua, na wauzaji hawana haraka ya kumsahihisha. Hapa nitayaita mafuta ya kunukia. Hata hilo "mafuta" nalo ni la kuazima, kwa kuwa hayana shahamu. Ukiyaacha wazi yanaondoka zake hewani, jambo ambalo samli haijawahi kulifanya.

Mtu anayetaka kuelewa ubora wa vitu hivi hahitaji kwenda Ufaransa. Aende Pemba msimu wa karafuu, akae jamvini jioni wakati wa kuchambua. Mapakacha yameshushwa, kila mmoja ana fungu lake. Kishada kinashikwa kwa mkono mmoja, kinasuguliwa kwenye kiganja cha mkono wa pili, na karafuu zinadondoka upande huu, vikonyo upande ule. Viganja vinageuka rangi, na harufu haitoki kwa sabuni ya mche wala kwa ndimu. Karafuu kesho zitaanikwa juani. Rundo la vikonyo, yaani makonyo, ndilo linalonihusu.

Makonyo hayaliwi, hayatiwi kwenye pilau, na mnunuzi wa karafuu akiyakuta mengi ndani ya gunia anashusha daraja la mzigo mzima. Lakini yana mafuta. Ndiyo maana Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar ambacho watu hukiita tu kiwanda cha makonyo. Pemba ilirithi ukuu wake katika karafuu kwa balaa la jirani: kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba ikiwa na miti iliyosimama.

Namna mafuta yanavyotolewa inaeleza nusu ya ubora wake, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Kiini cha karafuu ni kemikali iitwayo yujenoli, na peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 za Selsiasi. Ukiyapika makonyo mpaka kiwango hicho utapata mkaa. Lakini ukipitisha mvuke wa maji katikati ya makonyo, maji na mafuta, kwa kuwa hayachanganyiki, kila kimoja hutoa mvuke kwa nguvu yake mwenyewe, na nguvu hizo zikijumlishwa hushinda uzito wa hewa hata kabla ya nyuzi 100. Yujenoli hupanda pamoja na mvuke kama mtu aliyedandia lori. Mvuke hupita kwenye bomba lililozungushiwa maji baridi, hurudi kuwa maji, na ndani ya chombo cha kupokelea mafuta hujitenga. Kwa mchaichai au mkaratusi, mafuta hukaa juu na hukingwa kwa juu. Kwa karafuu hukaa chini. Mgeni wa kazi anayefungua bomba la juu atajaza pipa zima maji yanayonukia.

Lori hilo lina kikomo cha mizigo. Vitu vizito havipandi. Ubani wa Somalia na wa Dhofar una asidi za boswelia, ambazo zimefanyiwa utafiti mwingi kuhusu uvimbe na maumivu ya viungo. Asidi hizo hubaki ndani ya pipa pamoja na utomvu. Mvuke hauna nguvu ya kuzibeba. Hata hivyo chupa za mafuta ya ubani huuzwa kwa sifa za asidi hizo hizo. Ni sawa na kuvuta harufu ya pilau ya jirani ukadai umeshiba nyama.

Rudi kwenye mkarafuu, kwa sababu mti huu mmoja hutoa mafuta ya aina tatu. Karafuu kavu hutoa mafuta kwa kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Makonyo hutoa asilimia 5 hadi 7. Majani hutoa 2 au 3 tu, lakini majani ni mengi na hayangoji msimu, ndiyo maana Madagaska na Indonesia huyachemsha kwa wingi. Sasa angalia kilichomo. Mafuta ya makonyo aghalabu huwa na yujenoli asilimia 90 na zaidi. Ya karafuu yenyewe, ambayo ni ghali kuliko yote, yana pungufu, kati ya 70 na 85. Sehemu iliyobaki ni vitu vingine, hasa yujenili asetati na kariofileni, na hivyo ndivyo vinavyoyapa ule utamu wa harufu, ule ulaini unaoufahamu ukitafuna karafuu moja baada ya chakula. Ya makonyo ni makali, ya moja kwa moja, yana harufu ya chumba cha daktari wa meno.

Wala si bahati. Daktari wa meno anataka yujenoli, ambayo hutia ganzi na ambayo ikichanganywa na unga wa oksidi ya zinki hugeuka saruji ya kuzibia jino kwa muda. Kwake mafuta ya makonyo ni bora kuliko ya karafuu. Mtengeneza manukato atayakataa. Mtu wa viwandani miaka mia moja iliyopita asingejali harufu kabisa: yujenoli ya karafuu ndiyo iliyokuwa malighafi ya kutengenezea vanilini, kabla ya njia za bei rahisi zaidi kupatikana. Barafu tamu ya vanila iliyoliwa Ulaya enzi hizo huenda ilianzia kwenye kikonyo cha Pemba, na mlaji hakuambiwa.

Ndiyo maana neno "bora" likisimama peke yake kwenye kibandiko linanipa wasiwasi. Shirika la Viwango la Kimataifa, ISO, halikuthubutu kulitumia. Lilitoa viwango vitatu tofauti kwa mti mmoja: namba 3141 kwa mafuta ya majani, 3142 kwa ya karafuu, 3143 kwa ya makonyo. Kila kimoja kinasema mafuta yawe na uzito gani, yapinde mwanga kiasi gani, yawe na yujenoli kutoka hapa hadi hapa. Hakuna kiwango kati ya hivyo kinachosema mafuta yatakuponya nini. Na "daraja la tiba" halimo, wala halijawahi kutolewa na chombo chochote huru. Ni maneno ya matangazo ambayo kampuni hujipa zenyewe, na nyingine huyasajili kama alama ya biashara kisha huyathibitisha katika maabara zao zenyewe. Mwanafunzi anayesahihisha mtihani wake mwenyewe hupata alama nzuri.

Septemba 2014, Ebola ikiwa imepamba moto Afrika Magharibi, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ililazimika kuziandikia barua za onyo kampuni mbili kubwa za mafuta haya zenye makao jimbo la Utah, kwa sababu wasambazaji wao walikuwa wakiyanadi kama kinga au tiba ya ugonjwa huo. Liberia, Sierra Leone na Guinea watu walikuwa wanazikana, na ng'ambo ya bahari mtu alikuwa anapiga hesabu ya kamisheni.

Ubora unaoweza kupimwa basi upo wapi? Kwanza kwenye hesabu ya dukani. Kilo moja ya mafuta ya mawaridi hutaka takriban tani 4 za petali, zilizochumwa kwa mkono alfajiri. Kilo moja ya lavenda hutaka maua kilo 100 au zaidi. Mafuta ya machungwa ni mabaki ya kiwanda cha juisi, maganda yangetupwa. Ukiingia dukani ukakuta waridi, lavenda na chungwa zimepangwa kwenye rafu moja, chupa zenye ujazo mmoja, bei moja, huhitaji maabara. Mmoja wao anadanganya, na kwa hakika si chungwa.

Pili ni maabara yenyewe. Mashine ya kromatografia ya gesi huchukua sehemu ndogo ya tone, ikaipuliza ndani ya bomba jembamba kama unywele lenye urefu wa mita 30 au 60, na kila kemikali iliyomo hutoka kwa wakati wake na kuchora kilima chake kwenye karatasi. Mafuta ya kunukia huwa na vilima kadha wa kadha, na anayejua kuvisoma huona mengi: kilima cha yujenili asetati kikiwa kifupi mno, kuna mtu amepunguza mafuta ya karafuu kwa ya majani. Ripoti kama hiyo ina thamani endapo namba ya toleo iliyoandikwa juu yake ndiyo iliyo kwenye chupa yako. Kuna maduka yanayoonyesha ripoti moja nzuri mwaka hadi mwaka, kama picha ya harusi.

Lakini kiwango kikishaandikwa, mghushi naye amekisoma. Katika lavenda jambo hili limekuwa kazi ya kitaaluma. Kiwango chake, ISO 3515, kinataja linaloli na linalili asetati kiasi fulani. Zote mbili zinatengenezwa kiwandani kwa bei ndogo. Chukua lavandini, chotara wa lavenda anayetoa mafuta mengi zaidi, ongeza hizo mbili, koroga, na vilima vitakaa mahali pake. Biashara hata ina jina lake: lavenda 40/42, mafuta yaliyosawazishwa ili msimu wa mvua na msimu wa ukame vinukie sawasawa. Kwa sabuni haina tatizo lolote. Tatizo huanza inapobadilishiwa kibandiko.

Kinachomkamata mghushi ni kitu kidogo kinachopendeza. Kemikali hizo huja kwa maumbo mawili, la kulia na la kushoto, kama ndara: zinafanana kwa kila kitu ila huwezi kuzibadilishana miguu. Mlavenda hutengeneza karibu zote za upande mmoja. Kiwanda hutoa nusu kwa nusu. Ukipima ukakuta ndara za miguu yote miwili, ujue kuna kilichotoka kwenye tangi la kiwanda.

Kuna mahali neno "daraja" lina maana kamili, nalo halipo mbali nasi. Nzuani, kisiwa cha Komoro, hupika maua ya mlangilangi, yale yale tunayochanganya na asumini na mrehani kwenye kikuba. Upikaji unaweza kuchukua saa 20 na fundi hakingi yote kwa chombo kimoja. Mafuta ya mwanzo, mazito na yenye harufu ya juu, huitwa ekstra. Yanayofuata ni daraja la kwanza, la pili, la tatu. Watengeneza manukato hugombea ya mwanzo, wenye sabuni huchukua ya mwisho. Hayo yote ni maua yale yale, na yote ni safi. Daraja hapo ni saa tu: ulikinga wakati gani. Mtu akikuuzia mafuta ya langilangi "safi" bila kukuambia ni ya saa ngapi, hajakuambia kitu.

Upo pia ubora ambao mashine haiuoni. Msandali wa Afrika Mashariki una mafuta kwenye mizizi na kiini cha mti, kwa hiyo mvunaji huung'oa mzima. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, uliuweka chini ya udhibiti pamoja na misandali ya Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia. Mafuta ya mti ulioibwa Samburu yanaweza kufaulu kila kipimo, vilima vyote vikiwa vimenyooka.

Na tiba je? Jina la aromatherapia, yaani tiba ya harufu, lilitokana na Mfaransa René-Maurice Gattefossé, mkemia wa manukato aliyeungua katika mlipuko wa maabara mwaka 1910, akatumia lavenda kwenye vidonda vyake, na mwaka 1937 akachapisha kitabu kilichobeba neno hilo. Hadithi hupendwa kusimuliwa kwamba alitumbukiza mkono kwenye beseni la lavenda kwa bahati tu; ukweli ni kwamba alikuwa mtaalamu aliyejua anachokifanya, na majeraha yake yalikuwa mabaya. Tangu hapo ushahidi umejikongoja. Kidonge cha mafuta ya lavenda cha miligramu 80 kimefanyiwa majaribio ya maana Ujerumani kwa watu wenye wasiwasi uliopitiliza, na kikaonyesha nafuu. Kuvuta harufu ni vigumu zaidi kupima, kwa sababu moja isiyo na dawa: huwezi kumpa mtu harufu bila yeye kujua kwamba amepewa. Lavenda ya uongo isiyonuka haidanganyi mtu yeyote.

Wanaouza hupenda kusema kwamba mafuta yakiwa safi hayana madhara. Ni kinyume. Usafi ndio unaoyapa makali. Yujenoli asilimia 90 ikikaa kwenye ufizi huubabua. Majarida ya kitabibu yana visa vya watoto waliomeza mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu wakafikishwa hospitali ini likiwa linashindwa kazi. Hiyo haizidi chupa moja ya saizi niliyoinunua mimi. Robert Tisserand na Rodney Young, ambao kitabu chao kuhusu usalama wa mafuta haya hutegemewa na wengi, wanashauri ya karafuu yasizidi nusu asilimia kwenye ngozi. Hayo ni matone matatu hivi katika mililita 30 za mafuta ya nazi. Kwa kipimo hicho chupa yangu ya alizeti ilikuwa na unafuu wake: mwenye duka alinianzia kazi ya kuchanganya, akanitoza kwa kuifanya.

Miezi michache baadaye nilikuwa Unguja, jino linanisumbua, nikaingia Darajani kwa mzee mmoja anayeuza viungo. Nyuma ya mifuko ya iliki na mdalasini alikuwa na chupa tatu zisizo na kibandiko chochote.

"Shikamoo, mzee. Una mafuta ya karafuu?"

"Marahaba, mwanangu. Ya nini? Ya chumba au ya jino?"

Nilimwambia ya jino. Akaisukuma kando chupa ya kwanza, ambayo alisema ni ya karafuu yenyewe na bei yake ni mara mbili, akachukua ya pili.

"Basi haya ya makonyo yatakutosha. Usiyamwagie. Tia kwenye pamba, minya pamba, kisha ndiyo uweke. Na usiyameze."

Nikamwomba kikombe cha maji. Hakuuliza ninakitakia nini. Nadhani si mimi wa kwanza. Tone likashuka polepole, likalala chini ya kikombe, dogo, la rangi ya chai ya rangi. Mzee akanimiminia mafuta yangu kwenye kichupa, akaking'ang'anizia kifuniko, kisha akakizungushia kipande cha gazeti na mpira wa kufungia, kwa kuwa kichupa chenyewe kilikuwa cha kioo cheupe na njiani kulikuwa na jua.